Meseji zisizosomwa kwenye grupu la mwalo: namna ya kuzifuatilia usipitwe

Mvuvi wa dagaa Kigoma anafuata mwezi. Usiku wa giza yuko ziwani na taa zake, mbalamwezi ikiiva anapumzika na kushona nyavu. Mtandao humsindikiza njia nusu tu. Ukiacha Kibirizi au Katonga ukasogea maji makuu, au ukielekea kusini kwenye vijiji vya Uvinza vilivyobanwa kati ya mlima na maji, simu inakata. Grupu la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo (pale vyombo vinaposhushia samaki), lenyewe halikati. Bei ya leo, upepo, mchango wa msiba, nyavu zilizopotea, tangazo la afisa uvuvi, na katikati yake picha za asubuhi njema zisizo idadi. Siku simu inaposhika tena mnara, duara la kijani kwenye WhatsApp linasoma 340. Wengi hupoteza taarifa papo hapo: wanabonyeza grupu, wanateremka hadi chini, wanasoma tatu za mwisho, basi.

Yafuatayo yanamhusu anayesoma na katibu anayetaka kujua nani kasoma. Majina ya vitufe hubadilika kufuatana na lugha ya simu na toleo la programu, kwa hiyo tunavitaja zaidi kwa mahali vilipo na kazi yake.

Ile namba inahesabu nini

Duara la kijani mbele ya jina la grupu ni idadi ya meseji zilizoingia tangu ulipotoka humo mara ya mwisho. Namba iliyo kwenye kitufe cha soga ni kitu kingine: hiyo inahesabu ni soga ngapi zina meseji mpya, si meseji zenyewe. Ndiyo maana kule unaona 340 na huku unaona 6. Namba ya tatu, inayokaa juu ya alama ya WhatsApp kwenye uso wa simu, inawekwa na simu yenyewe kwa kufuata taarifa zilizo juu ya kioo. Ukizifagia taarifa hizo kwa kidole, namba hiyo inaweza kupotea hata kama hujasoma kitu. Inayostahili kuaminiwa ni ile ya ndani, mbele ya jina la grupu.

Sasa lililo kubwa. WhatsApp haijui macho yako yamefika wapi. Ukifungua grupu, zote 340 zinahesabiwa zimesomwa, hata kama umesoma mbili ukaitwa kupakua mzigo. Namba inafutika, na kwa waliotuma jina lako linahamia upande wa waliosoma. Telegram inafanya tofauti: namba inapungua kadiri unavyoteremka, ukitoka katikati inabaki idadi ya zile ambazo hujazifikia. Aliyezoea Telegram akija WhatsApp na mazoea hayo ataliwa.

Kitu pekee kinachokuonyesha ulipoishia ni mstari unaokatiza soga ukitaja idadi ya meseji zisizosomwa. Grupu linapofunguka, linafungukia hapo kwenye mstari. Ukitoka na kurudi, mstari haupo tena. Una nafasi hiyo moja.

Meseji za sauti zina utaratibu wake. Kila moja ina alama ya maikrofoni inayobaki ya kijani mpaka uisikilize, halafu inageuka bluu. Hata duara la grupu likishafutika, unaweza kupandisha juu ukaziona za kijani ambazo hujazigusa. Katibu mjanja atalitumia hili, tutalirudia.

Ukitoka ziwani

Kabla hujawasha data, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, penye upakuaji wa moja kwa moja. Kwenye mstari wa data ya simu ondoa alama zote: picha, sauti, video, nyaraka. Usipofanya hivyo, video za harusi zitamaliza bando kabla hujafika kwenye tangazo la upepo. Meseji za sauti, zile za kurekodi humohumo kwenye soga, zitaingia tu hata ukiondoa alama. Hizo hazizuiliki, na bahati nzuri ni nyepesi.

Washa data, kisha subiri. Usifungue grupu lolote mpaka namba ziache kupanda. Mtandao ukiwa mzuri ni dakika moja au mbili, ukiwa wa kubahatisha ni zaidi. Ukiwa ndani ya grupu wakati meseji bado zinamiminika, zinazoingia ukiwa unatazama nazo zinahesabiwa zimesomwa, na mstari unabaki mahali pasipo na maana.

Juu ya orodha ya soga kuna vichujio: zote, zisizosomwa, vipendwa, makundi. Bonyeza zisizosomwa. Anza na meseji za watu binafsi, kwa sababu mtu aliyekutafuta peke yako ana jambo nawe. Kisha tafuta grupu lenye alama ya @ pembeni ya namba. Alama hiyo maana yake umetajwa kwa jina au umejibiwa. Ukiingia kwenye grupu hilo utaona kitufe kidogo cha @ upande wa chini kulia, na kila ukikibonyeza kinakurusha kwenye meseji inayokuhusu.

Ndani ya grupu, jambo la kwanza ni meseji iliyobandikwa juu kabisa, chini ya jina la grupu. Kama uongozi wa mwalo unajua kazi yake, tangazo la maana liko pale. Kisha anza kwenye mstari na kuteremka. Mshale wa kuelekea chini wenye namba usiuguse. Huo ndio unaowapitisha watu.

Ukiitwa kabla hujamaliza, gandamiza kwa kidole meseji uliyofikia na uibonyezee nyota. Baadaye fungua orodha ya meseji zenye nyota, ibonyeze, itakupeleka palepale kwenye grupu. Ukimaliza, ondoa nyota, vinginevyo baada ya wiki tatu utakuwa na nyota ishirini zisizojulikana ni za nini. Kuna njia nyingine ambayo watu huipenda: kugandamiza jina la grupu kwenye orodha na kuchagua liwekwe kama halijasomwa. Inasaidia kukumbuka kwamba kuna kazi, lakini inakupa nukta ya kijani tu, bila namba na bila mstari. Na haimrudishii mtumaji tiki za kijivu. Kama alishakuona umesoma, ameshakuona.

Ukitaka kujua kilichomo bila kufungua, vuta pazia la taarifa juu ya kioo usome hapo. Meseji iliyosomwa kwenye pazia bado inahesabiwa haijasomwa. Angalia tu usibonyeze kitufe kinachotokea chini ya taarifa cha kuiweka kama imesomwa, maana hicho kinafuta namba bila hata kulifungua grupu.

Magrupu yasiyo ya kazi yazimie mlio. Kuna saa 8, wiki 1, au daima. Kuzima mlio hakuzuii kuhesabu, namba itaendelea kupanda kimya kimya. Unaloweza kuliacha kabisa lihamishie kwenye soga zilizowekwa pembeni. Halitapanda tena juu ya orodha kila mtu akiandika, ilimradi mpangilio wa kuziacha huko haujazimwa. Juu ya orodha unaweza kubandika soga tatu. Kwa mvuvi chaguo ni rahisi: grupu la mwalo, mwenye chombo, na nyumbani.

Simu ya kushirikiana nyumbani ni tatizo la peke yake. Mtoto akifungua grupu ili aangalie picha, namba imekwenda na wewe hutajua kulikuwa na nini. Weka kufuli la alama ya kidole kwenye WhatsApp yote. Kufunga soga moja moja kunaificha kwenye folda yake, na wengi husahau kwamba ipo huko. Tahadhari hiyohiyo inahusu kompyuta ya steshenari. Katibu akiunganisha WhatsApp yake pale achapishe orodha, kila soga itakayofunguliwa kwenye ile kompyuta itahesabiwa imesomwa hata kwenye simu yake. Ukimaliza kuchapisha, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa uondoe kile cha dukani, usitegemee mwenye duka akufanyie.

Namba ndogo kuliko ilivyopaswa

Wakati mwingine tatizo haliko kwenye kusoma, meseji hazikuingia. Sababu ya kawaida kuliko zote ni simu kubana betri. Simu nyingi za Android za bei nafuu huzizima programu zinazofanya kazi chinichini, kwa hiyo meseji zinaingia pale tu unapofungua WhatsApp, zote kwa mkupuo. Fungua mipangilio ya simu, programu, WhatsApp, kisha betri, chagua isiwekewe vikwazo. Palepale, kwenye data, ruhusu matumizi ya chinichini. Na anayependa kusimamisha programu kwa lazima kwenye mipangilio akidhani anaokoa chaji, ajue kwamba hatapata taarifa yoyote mpaka aifungue mwenyewe.

Simu iliyokaa bila chaji siku nyingi inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. WhatsApp inakataa kuunganika hadi tarehe irekebishwe.

Kisha kuna saa. Burundi na upande wa mashariki wa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe ikishika mnara wa ng'ambo, inarudi nyuma, na muda wa meseji zote unarudi nayo. Iliyotumwa saa 10 jioni inaonekana imetumwa saa 9. Mtu akisoma "tunang'oa nanga saa 12 jioni" akafuata saa ya simu hiyo, atafika amechelewa kwa saa nzima. Ingia kwenye tarehe na saa, zima ukanda wa saa wa moja kwa moja, uchague Dar es Salaam au Nairobi. Papo hapo hakikisha data ya nje ya nchi imezimwa, isije ikakata salio kwa bei ya jirani.

Meseji isiyomfikia mtu hukaa kwenye mitambo ya WhatsApp hadi siku 30, halafu inafutwa. Mzunguko mmoja wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo aliyekaa kambini giza zima na mbalamwezi yake bila mtandao yuko ukingoni. Wa miezi miwili hatazipata za mwanzo, na huenda asijue kwamba zilikuwepo. Laini isiyotumika kabisa kwenye WhatsApp kwa siku 120 hufutiwa akaunti na mwenyewe hutoka kwenye magrupu yote, hivyo akirudi lazima aingizwe upya.

Mbaya zaidi ni meseji za kujifuta. Zikiwekwa saa 24 kwenye grupu, zinapotea hata kwa ambaye hakuzifungua. Zipo pia za siku 7 na siku 90. Grupu la watu wanaolala ziwani halifai kuwa na saa 24. Zima, au weka 90.

Kwa katibu: nani kasoma?

Kwenye grupu, tiki zinasomwa tofauti na kwenye soga ya watu wawili. Tiki moja maana yake meseji imetoka kwako. Tiki mbili za kijivu hazitokei mpaka kila mjumbe awe amepokea, na za bluu mpaka kila mmoja awe amefungua. Kwenye grupu la watu 60, mmoja akiwa amezima simu Kalya, tiki itabaki moja wiki nzima wakati wengine wote wameshasoma. Makatibu wengi wakiona tiki moja hutuma tena, na tena. Tangazo linakuwa matatu na mazungumzo yanavurugika. Usitume tena. Igandamize meseji yako, kisha bonyeza alama ya taarifa, herufi i ndani ya duara, au nukta tatu za juu halafu taarifa. Utaona orodha mbili: waliosoma na waliofikiwa, kila jina na saa yake. Ambaye hayuko kwenye orodha yoyote, simu yake haijashika mtandao tangu utume. Huyo mpigie au mtume jirani.

Kuna wajumbe waliozima tiki za bluu wakidhani wamejificha. Kwenye soga ya wawili ni kweli, na wao pia hawaoni za wenzao. Kwenye grupu kuzima huko hakufanyi kazi, jina litaonekana kama la wengine.

Ila usizichukulie tiki za bluu kama sahihi ya mkutano. Zinasema fulani alifungua grupu, na tumeshaona kwamba kufungua kunazisomesha zote kwa mpigo. Hapa ndipo meseji ya sauti inapokuwa na nguvu. Ukirekodi tangazo la sekunde 20 au 30, ukurasa wa taarifa unakuonyesha na waliosikiliza, na alama hiyo haizimiki hata kwa aliyezima tiki. Kusikiliza kunataka mtu abonyeze meseji hiyohiyo, kwa hiyo ni ushahidi wa karibu zaidi. Tuma sauti, na chini yake maandishi ya jambo lilelile, kwa wenye kelele za injini na kwa watakaotaka kurudia tarehe.

Maandishi yenyewe yaandikwe kwa mtu atakayeyasoma siku tano baadaye. "Kesho", "leo jioni" na "keshokutwa" ni sumu kwenye grupu la namna hii, maana aliyetoka ziwani Alhamisi anasoma "kesho" ya Jumapili. Taja siku, tarehe, saa na kipindi cha siku. Kioo kinaandika 16:00, sisi tunasema saa 10, kwa hiyo "saa 10 jioni" au "saa 10 alfajiri", si "saa 10" peke yake. Mfano:

"Ndugu wajumbe, mkutano wa wenye vyombo ni Jumamosi tarehe 14, saa 3 asubuhi, ofisi ya BMU. Mwenye chombo au mwakilishi wake aje na leseni ya mwaka huu. Ukishasoma, jibu kwa namba ya chombo chako."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Dole gumba linabonyezwa bila kusoma. Namba ya chombo haiandiki mtu ambaye hakufika mwisho wa meseji. Zikishaanza kuja nyingi na kujaza grupu, tumia kura badala yake: swali moja, majibu mawili, na ukiifungua unaona nani kachagua nini. Kwa mkutano wa kawaida kura inatosha. Kwa jambo la leseni au faini, dai namba.

Ukishatuma, bandika. Igandamize meseji, chagua kubandika, kisha muda: saa 24, siku 7 au siku 30. Kwa wavuvi chagua 30, ili hata aliyekuwa nje mzunguko mzima wa mwezi aikute bado iko juu. Tangazo kama lile la kusimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 halipaswi kuachwa lizame chini ya salamu. Nafasi za kubandika ni tatu tu, kwa hiyo mkutano ukishapita bandua.

Kama grupu lina gumzo kuliko taarifa, fungua la pili la matangazo tu. Kwenye ruhusa za grupu weka kwamba wanaotuma ni maadmini peke yao. Namba ya kijani kwenye grupu hilo itakuwa 2 au 3 badala ya 340, na mtu ataisoma yote akiwa bado amesimama kwenye maji. Wapeni uadmini watu wawili au watatu, asiwe katibu peke yake, maana naye huenda ziwani.

Mwisho ni wenye vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp. Hawamo kwenye grupu na hawatakuwemo kesho. Andika majina yao kwenye daftari la mwalo pamoja na namba, na kila tangazo kuu lifupishe liwe SMS isiyozidi herufi 160, nafasi zikiwemo, ili usikatwe ya pili. Washa ripoti ya kufika kwenye mipangilio ya SMS ya simu yako. Ripoti inakuambia meseji imeingia kwenye simu yake, basi. Kama ameisoma, SMS haina tiki ya bluu. Mbele ya kila jina weka alama mbili daftarini: moja ripoti ikirudi, nyingine akijibu au akipigiwa. Asiye na alama ya pili siku moja kabla ya mkutano, mfuate mwaloni vyombo vinapoegesha asubuhi.